Kwa wanaouguza na waliogeukiwa na maisha: tushukuru kwa kitu kilichotokea leo, tuache kushukuru kwa kaburi la mwenzetu

#1 (mwanzisha uzi)

Habari zenu wanajamvi.

Nimesoma nyuzi kadhaa humu zinazohimiza watu washukuru kwa walichonacho. Nyingi zinaishia kwenye hesabu moja: kuna walio na hali mbaya kuliko wewe, kwa hiyo nyamaza ushukuru. Mimi nauguza. Mama yangu alipata kiharusi, nikaacha kazi ya dukani Kariakoo nikarudi Tanga kukaa naye, na hesabu hiyo nimeisikia ikisemwa pembeni ya kitanda chake mara nyingi mno. Haijawahi kumsaidia. Iliyomsaidia yeye, na mimi pia, ni shukrani ya namna nyingine, ndogo zaidi, inayotaja kitu kimoja kilichotokea siku hiyo. Naomba nieleze kwa urefu, maana najua humu wapo wenye mgonjwa ndani, na wapo ambao maisha yamewageukia kwa njia nyingine: kustaafu, kufiwa, biashara kufa, watoto kuhama.

Mama alikuwa anauza mbaazi na mandazi Ngamiani. Tangu nipate akili zangu alikuwa anaamka kabla ya adhana ya alfajiri. Mbaazi zimelowekwa tangu jioni, unga umeshaumuka, nazi zimepasuliwa zinamsubiri. Anakaa juu ya mbuzi, anakuna huku anazungumza na kila anayepita uani, mkono wa kulia unakwenda wenyewe. Tui la kwanza linawekwa kando, la pili ndilo linaloingia sufuriani na vitunguu. Kukipambazuka watu wa baiskeli wanaokwenda kazini wameshaegesha, wanafunzi wana mabakuli mkononi. Miaka yote hiyo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kusema, "Alhamdulillah, mkono wa mama unakuna nazi." Ungesema hivyo watu wangekushangaa.

Kiharusi kilimpiga ubongo upande wa kushoto. Upande huo ndio unaoendesha mkono na mguu wa kulia, na kwa watu wengi ndiko lugha inakokaa. Vikaondoka vitatu kwa mpigo: mkono, mguu, maneno. Cha nne tulikijua tulipofika hospitali, nacho ni kumeza.

Naomba nikae kidogo hapo kwenye kumeza. Sikuwahi kujua kwamba maji ni kitu kigumu. Nesi alitueleza kuwa mtu aliyepata kiharusi anaweza kumeza uji mzito salama, lakini maji matupu au chai yakakimbia haraka kuliko koo linavyoweza kujifunga, yakaingia njia ya hewa, na hiyo ndiyo nimonia inayowaua wagonjwa wengi ambao kiharusi chenyewe hakikuwaua. Kwa hiyo tukamkalisha wima, kidevu kimeinama kidogo, kijiko kidogo cha uji wa mchele, tunangoja koo lipande na kushuka, ndipo kijiko kingine. Akimaliza anabaki amekaa kama nusu saa ndipo alazwe. Bakuli moja la uji lilikuwa linakula asubuhi nzima. Siku alipomeza chai, chai ya kawaida ya tangawizi, tukamtazama koo wote tuliokuwa chumbani, hakukohoa, dada yangu akaangua kilio. Mama akanyoosha mkono wa kushoto, anataka tena.

Baada ya wiki chache chai ikarudi kuwa chai. Hakuna aliyekuwa anamtazama koo tena. Nadhani ndivyo binadamu tulivyoumbwa: neema ikishakaa nyumbani tunaacha kuiona, na pengine ni heri, maana nani angeweza kuishi akilia kwa kila funda? Lakini ndiyo sababu nasema shukrani ni kazi ya kila siku. Orodha ya jana haifai leo. Mwezi wa kwanza tulikuwa tunashukuru kwamba ngozi ya mgongo haijachubuka, kwa sababu tulikuwa tunamgeuza kila saa mbili, usiku na mchana. Baadaye tukawa tunashukuru kwamba amekaa bila kushikwa. Sasa tunashukuru kwa kitufe cha gauni, anakifunga mwenyewe kwa mkono wa kushoto, ulimi umetoka pembeni kidogo kama mtoto anayejifunza kuandika. Maisha yakihama, shukrani nayo inapaswa kuhama, la sivyo utabaki unashukuru kwa mambo ambayo hayapo tena, na hayo ni majonzi tu.

Jambo lililonigusa kuliko yote ni hili. Mama hakuweza kusema "maji". Hakuweza kusema jina langu. Lakini watoto wakipita dirishani na kusema "Shikamoo bibi", alikuwa anajibu "Marahaba" safi kabisa, haina kigugumizi. Na alikuwa anasema "Alhamdulillah". Ukimuuliza kama anaumwa, Alhamdulillah. Ukimuuliza kama ana njaa, Alhamdulillah. Tulifurahi mno mwanzoni. Kisha tukaelezwa kwamba maneno tuliyoyasema maelfu ya mara, salamu, dua, kuhesabu moja mbili tatu, nyimbo, mara nyingi hubaki hata pale maneno ya kutunga yanapopotea. Yaani alikuwa anasema Alhamdulillah huku bega linamuuma, na sisi tunaitikia "Amina" na kuondoka! Ikabidi tujifunze kumtazama uso, mkunjo wa kipaji, mkono wa kushoto unashika wapi.

Tukawa tunamwekea Surat Ar-Rahman kwenye simu. Wenye kuisoma mnajua kuna aya moja inarudi mara 31, ile inayouliza ni ipi katika neema za Mola wenu mnayoikanusha. Zile aya nyingine alikuwa anazisikiliza tu. Hiyo inayorudi akaanza kuidaka, kwanza mwisho wake, kisha nusu, kisha nzima. Siku moja tulimpeleka kibarazani, upepo wa kusi unavuma kutoka baharini, akakaa, akafumba macho, akasema Alhamdulillah na baada yake, taratibu, "upepo". Lilikuwa neno lake mwenyewe alilolitafuta. Ile Alhamdulillah ilikuwa na kitu chake.

Sasa nirudi kwa wageni. Desturi yetu ya kumwangalia mgonjwa ni njema na sitaki ife. Walikuja na ndizi, na sukari, na bahasha, na Mungu awalipe. Lakini wengi walikuwa wanasema lilelile: "Shukuru, fulani kilimpiga hichohicho hakuamka." Mama hawezi kujibu. Alikuwa anageuza uso ukutani. Maneno hayo yanamtaka mgonjwa ajifariji kwa msiba wa mtu, halafu yanamnyima haki ya kuulilia mkono wake. Na huyo aliye chini kabisa, asiye na wa kujilinganisha naye, yeye ashukuru kwa nini?

Akaja shoga yake wa miaka mingi, muuza samaki. Hakutaja kaburi la mtu. Alikaa, akaushika ule mkono uliolegea, akaletewa mbaazi nilizopika mimi, akaonja akasema, "Hizi hukuzionja wewe, hazina chumvi." Mama akacheka, kwa sauti. Yule mama akamwambia, "Kicheko chako kizima, hakikuguswa." Basi. Hakusema zaidi. Kesho yake nilipokuwa napika, mama alinipungia mkono nimletee kijiko. Kuanzia hapo sufuria haitoki jikoni kabla hajaonja. Akitikisa kichwa naongeza tui, akifumba jicho moja ni chumvi. Biashara imerudi, ndogo kuliko ya zamani, nakuna mimi na anaonja yeye, na wateja wanasema ni mbaazi za mama.

Sisemi kiharusi ni neema. Kimemchukulia mama mkono wake na kimenichukulia mimi mshahara, marafiki wa jioni, na mipango niliyokuwa nayo Dar. Nayalilia hayo na sioni haya. Ila siku ileile unayoyalilia unaweza kushukuru kwa kitufe cha gauni. Nimeyaona yote mawili yanakaa chumba kimoja.

Karibuni tuzungumze. Wewe maisha yalipogeuka, ulianza kuona nini ambacho hukuwa unakiona?

#2

Pole sana dadangu, Mola amjalie mama shifaa. Nakusoma hapa Mombasa namuuguza babangu, yuko vilevile, mkono wa kulia na maneno. Akitaka maji asema "kitanda". Twamletea mto, ghadhabu zampanda, alia. Lakini sala aisoma yote, Fatiha haikosei hata herufi. Mie nilidhani ni muujiza, sasa nimeelewa. Nilichoanza kukiona ni usingizi. Usiku ambao babangu amelala moja kwa moja hadi alfajiri, mie huamka nikasujudu kabla sijajua ni kwa nini.

#3

Mimi ni fiziotherapisti (mtaalamu wa tiba ya viungo kwa mazoezi), naomba niongeze machache kwa faida ya wasomaji.

Mwanzisha uzi ametaja bega. Wanaouguza, tafadhali msimvute mgonjwa kwa mkono uliolegea mnapomnyanyua. Misuli inayolishikilia bega imelegea, kiungo kinashuka kutoka mahali pake na maumivu yake yanakaa muda mrefu. Mshikeni kiunoni au mgongoni, na mkono uwekwe juu ya mto anapokaa.

Nafuu ya haraka huonekana miezi 3 hadi 6 ya mwanzo, lakini haikomi hapo. Nimewaona watu wakianza kuchezesha kidole kingine baada ya mwaka. Kwa hiyo kazi ya kuonja sufuria, kufunga kitufe, kuchambua mchele, hayo ni mazoezi kamili, tena bora kuliko kubonyeza mpira, kwa sababu mgonjwa anajua anafanya kwa ajili ya nini.

Na huyo mama aliyekuwa anageuza uso ukutani: karibu theluthi moja ya waliopata kiharusi hupata sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka. Ni ugonjwa, una tiba, hautokani na upungufu wa imani. Mgonjwa asiyetaka kula, asiyetaka mazoezi, anayelia kila siku, mwambieni daktari. Kumwambia ashukuru ni kumwongezea mzigo.

La mwisho, kwa wasio na mgonjwa bado: uso ukipinda, mkono ukilegea, usemi ukikwama ghafla, kimbia hospitali saa hiyohiyo na ukumbuke dalili zilianza saa ngapi. Ipo dawa ya kuyeyusha bonge la damu ambayo hutolewa ndani ya saa nne na nusu tangu dalili zianze, baada ya kipimo cha CT, yaani picha ya ndani ya kichwa, kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Na pimeni presha. Ikisoma 140/90 au zaidi kila ukipima, usisubiri kichwa kiume.

#4

Uzi mzuri, ila mimi nina shida na habari nzima ya shukrani. Nchi hii tunaambiwa tushukuru kila kukicha. Zahanati haina kipimo cha presha kinachofanya kazi, shukuru kuna jengo. Mshahara umechelewa, shukuru una kazi. Nyumba yangu ilibomolewa, mchungaji akaniambia nishukuru nina uhai. Nadhani shukrani inatumika kutufunga midomo. Mama yako angepimwa presha mapema pengine leo anakuna nazi yake.

#5 (mwanzisha uzi)

Kaka wa #4, pole kwa nyumba. Uliyosema ni kweli na sitakupinga. Kituo tulichokuwa tunampeleka mama kupima, mashine ilikuwa mbovu kwa muda mrefu, na mama akarudi nyumbani akiamini yuko sawa. Hilo limenikaa hapa kooni. Niliandika barua, nikaipeleka kwa mtendaji, nikaifuatilia mpaka mashine ikaletwa, na wiki hiyohiyo nilikuwa namshukuru Mungu kwamba mama amekaa bila kushikwa.

Naona kinachofunga midomo ni ile shukrani ya kuamrishwa. Anayekuambia "shukuru una uhai" mara nyingi anataka uache kusema, kwa sababu maneno yako yanamchosha au yanamgusa mahali. Shukrani ninayoizungumzia haina mtu anayekuamuru. Tena nitakuambia, kwa kuwa najua mkono wa kulia una thamani gani, sasa nina ukali zaidi nikiona mtu anaondolewa hospitali bila kupimwa. Ukishajua kitu ni neema huwezi kukubali kipotee hivihivi.

Dada wa Mombasa, jaribuni picha. Sisi tulichora kwenye daftari: kikombe, choo, shuka, bega. Mama anaonyesha kwa kidole. Hasira zilipungua sana. Na baba akisema "kitanda", msimcheke wala msimsahihishe haraka, mpeni muda atafute.

#6

Mimi sina mgonjwa, nimestaafu ualimu wa msingi nilipofika miaka 60 kama sheria ya utumishi wa umma inavyotaka. Nasoma hapa nikiwa peke yangu sebuleni. Miaka yote nililalamikia kelele za watoto. Sasa najikuta natembea hadi karibu na shule saa nne, wakati wa mapumziko, nasimama kidogo chini ya mwembe halafu narudi. Sijui kama hiyo ni shukrani au ni uchungu. Mke wangu anasema nitafute kitu cha kushukuru katika maisha haya mapya. Nikilazimisha naona nasema uongo. Unafanyaje ili isiwe maneno matupu?

#7

Mwalimu, shikamoo. Nimesomea saikolojia kidogo, naomba nijibu upande wangu.

Mwaka 2003 Robert Emmons na Michael McCullough, wanasaikolojia wa Marekani, walitoa utafiti ambao umenukuliwa sana tangu wakati huo. Waliwagawa watu: baadhi waandike mambo yasiyozidi matano ya kushukuru, baadhi waandike kero. Walioandika ya kushukuru mara moja kwa wiki, kwa wiki 10, waliyaona maisha yao kwa jumla kuwa mazuri zaidi. Linalohusiana na uzi huu ni kwamba sehemu ya tatu ya utafiti huo ilifanywa kwa wagonjwa wa misuli na neva, wakiandika kila siku kwa siku 21. Ikilinganishwa na wenzao ambao hawakupewa zoezi hilo, walikuwa na furaha zaidi na usingizi wao ulikuwa bora. Ugonjwa haukuondoka, tusidanganyane.

Nilichokiona mwenyewe kwa watu ninaokaa nao ni kwamba ukiandika "nashukuru kwa familia" siku ya kwanza, siku ya tatu umeshachoka. Ukiandika "leo mjukuu kanipigia simu kuniuliza nusu jumlisha robo ni ngapi", hiyo huwezi kuichoka, kwa sababu kesho itakuwa nyingine.

#8 (mwanzisha uzi)

Mwalimu, shikamoo. Ahsante kwa kuandika, na ahsante mtaalamu wa #7, umenisemea.

Mimi nitaongeza moja tu kwa mwalimu. Kusimama chini ya mwembe sioni kama ni ugonjwa wa kutibiwa. Unazipenda kelele zile na sasa unajua. Mama naye huomba apelekwe jikoni wakati nakuna nazi, anausikiliza mkuno, machozi yanamtoka, na hataki kuondolewa. Mwanzoni dada yangu alikuwa anasema tumuepushe na mambo yanayomkumbusha. Mama alikataa kwa kichwa, kwa mkono, kwa kila alichonacho. Kwa hiyo usijilazimishe kupata cha kushukuru. Nenda kwenye mwembe, kisha siku ukiwa tayari ingia getini uonane na mwalimu mkuu. Kuna watoto wa darasa la pili hawajui kusoma, na wewe saa nne uko huru. Pengine cha kushukuru kitakukuta humo.

Walioniuliza PM waseme nini wakienda kumwangalia mgonjwa: sina fomula. Ninayoyajua ni kwamba mama anawapenda wanaokaa chini badala ya kusimama mlangoni, wanaozungumza naye yeye badala ya kuniuliza mimi habari zake akiwa palepale, na wanaotaja kitu walichokiona leo. "Umesuka nywele." "Leo umenishika kwa nguvu." Kama huoni kitu, usitunge. Kaa tu, kunywa chai, mwambie habari za mtaa, nani kaoza binti, samaki wanauzwaje Mgandini. Habari za mtaa anazisikiliza kwa uso mzima. Na ukitaka kusaidia kweli, mwambie anayeuguza akalale kwa muda wa saa mbili, wewe ubaki na mgonjwa. Mtu aliyenifanyia hivyo mara ya kwanza nitamwombea dua maisha yangu yote.

Mtaalamu wa #3, nina swali kwako. Mama ameanza kutembea na fimbo ya miguu minne anayoishika mkono wa kushoto, lakini tuliyopewa ni ndefu, inamnyanyua bega kila akiikanyagia. Nimesikia kipini kinatakiwa kifike usawa wa kifundo cha mkono akiwa amesimama wima. Je, nikate mwenyewe miguu yake kwa msumeno wa chuma au itapoteza uimara? Na kama yupo mtu anayemjua fundi wa vifaa hivi Tanga mjini, hata Makorora au Chumbageni, aniandikie. Kesho asubuhi nipo jikoni mpaka saa tatu, nitajibu wote baada ya hapo.